Popo Darini: Jinsi ya Kuwatoa Bila Kuwaua

Anayesikia mikwaruzo juu ya dari inapofika magharibi, kisha akakuta vipande vyeusi vya kinyesi vimeganda ukutani chini ya upenu, kwa kawaida hufikiria moja kati ya mambo mawili: kutia sumu, au kumwita fundi azibe tundu siku hiyo hiyo. Yote mawili huishia pabaya. Sumu huwadondosha popo wakiwa wagonjwa uani na sebuleni, mahali ambapo watoto na paka huwaokota. Tundu likizibwa mchana, popo waliolala ndani hufa kwa kiu na joto na kuozea juu ya vichwa vya wenye nyumba, au hutafuta upenyo wa kushukia vyumbani kupitia tundu la taa. Kazi ya kuwatoa popo ikifanywa sawasawa haina kufukuza hata kidogo. Popo hutoka wenyewe kila jioni, na kinachotakiwa ni kuiandaa nyumba ili wakishatoka wasiweze kurudi.

Hakikisha kwanza ni popo, na ni popo gani

Kinyesi cha popo na cha panya hufanana kwa mbali. Chukua kipande kikavu kwa kijiti, ukiweke juu ya karatasi na ukibonyeze kwa kijiti hicho hicho. Cha popo husagika mara moja kikawa unga wenye chembe zinazometameta, ambazo ni mabaki ya mabawa na magamba ya wadudu. Cha panya huwa kigumu, hakimetimeti, na hakisagiki kwa urahisi huo. Popo huacha pia doa la kahawia lenye mafuta kwenye ukingo wa mwanya wanaoupita, kwa sababu manyoya yao hupangusa hapo kila siku, pamoja na harufu kali ya mkojo inayochoma pua.

Popo wanaokaa ndani ya paa la bati Afrika Mashariki ni wala wadudu, na wengi ni wa jamii yenye mkia huru, yaani mkia uliochomoza nje ya utando wa miguu kama mkia wa panya. Aina mbili hukutwa sana majumbani: Mops condylurus, na mwenzake mdogo Mops pumilus, ambaye vitabu vingi bado humwita Chaerephon pumilus na ambaye uzito wake ni kama gramu 10. Popo hawa hustahimili joto la chini ya bati hata likipita nyuzi 40, kwa hiyo usitegemee kwamba jua la Januari litawaondoa. Mwanya wa sentimita moja na nusu unawatosha kupita.

Popo wala matunda ni suala lingine. Wale wakubwa wenye sura ya mbwa, wanaoning'inia barazani usiku na kuacha sakafuni makungu na mapera yaliyotafunwa, hawaingii darini. Baraza kwao ni meza ya kulia tu. Dawa yao ni kuvuna matunda ya uani yasiivie mtini, kuwasha taa ya baraza kwa siku kadhaa, na kufunika kwa wavu mbao wanazoning'inia. Yaliyosalia katika mwongozo huu yanawahusu wa darini.

Hatari iliyopo na isiyokuwepo

Watu wengi sasa wakisikia neno popo hukumbuka Marburg, hasa tangu ugonjwa huo ulipotangazwa Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Popo anayehusishwa na virusi vya Marburg ni mla matunda wa mapangoni na migodini, Rousettus aegyptiacus, ambaye haishi chini ya bati. Katika popo wa paani, watafiti walikuta virusi vya Bombali, ambavyo ni vya ukoo wa Ebola, kwanza Sierra Leone na baadaye Taita nchini Kenya. Hata hivyo hakuna mtu anayejulikana kuugua kutokana navyo. Hiyo si sababu ya kuwashika popo kwa mikono mitupu, lakini pia si sababu ya kuihama nyumba.

Hatari zinazostahili kuchukuliwa kwa uzito ni mbili. Ya kwanza ni virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2007 mwanamke mmoja kutoka Uholanzi aliparuzwa puani na popo akiwa kambini Tsavo Magharibi, kidonda kikasafishwa lakini hakupewa chanjo, na mwezi Desemba mwaka huo huo akafariki huko kwao kwa virusi vya Duvenhage. Miaka miwili baadaye virusi vingine vya jamii hiyo vilipatikana katika popo wa pangoni Shimoni, pwani ya Kenya. Matukio ya namna hii ni machache mno, ila ugonjwa ukishaonyesha dalili hautibiki, na ndiyo maana kanuni yake haina mjadala: aliyeumwa au kuparuzwa na popo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatari ya pili ni vumbi la kinyesi. Kinyesi kilichokaa muda mrefu huweza kuotesha kuvu ambao chembe zake zikivutwa hushambulia mapafu, na ugonjwa wake mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu. Kwa hiyo usipande darini bila barakoa ya N95, glavu nene za ngozi, mikono mirefu na miwani ya kuzuia vumbi. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Panda alfajiri kabla bati halijapata moto, kanyaga juu ya kenchi na si juu ya ubao wa dari, na zima umeme kwenye swichi kuu, kwa kuwa mkojo wa popo huweza kuharibu viungo vya nyaya na kukuachia waya ulio wazi mahali usipoutarajia.

Kuhusu sheria, wanyamapori wako chini ya uangalizi wa serikali, Tanzania kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na Kenya kwa sheria ya mwaka 2013. Kama popo ni mamia kwa mamia, au jengo ni shule, zahanati au nyumba ya ibada, wasiliana kwanza na afisa wanyamapori wa wilaya, au ofisi ya KWS, yaani shirika la wanyamapori la serikali, kwa walio Kenya. Ushauri wao mara nyingi ni wa bure.

Chagua msimu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, hata zile zilizofanywa kwa nia njema. Popo jike wa jamii hii huzaa kinda mmoja kwa mara moja, na kwa wiki tano au sita za mwanzo kinda huyo hawezi kuruka. Mama akifungiwa nje katika kipindi hicho, kinda hufa njaa ndani, na mama hupigapiga usiku kucha akitafuta upenyo mpya, hata dirishani. Uzazi wao huelekea kufuata mvua, wakati wadudu ni wengi, na ile aina ndogo, Mops pumilus, huweza kuzaa zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Kwenye maeneo ya masika na vuli, kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Nairobi, muda wenye usalama zaidi ni Julai hadi Septemba. Kwenye maeneo ya mvua moja, kama Dodoma na Singida, Juni hadi Septemba panafaa.

Kalenda peke yake haitoshi. Jioni, saa moja hivi baada ya popo wakubwa kutoka, panda darini ukiwa na tochi uliyoifunga kitambaa chekundu na utulie dakika kumi. Dari isiyo na makinda huwa kimya, au hubaki na popo wachache wazima. Yenye makinda husikika vilio vyembamba mfululizo, na ukimulika pembe za kenchi utaona vichanga vya rangi ya waridi au kijivu, visivyo na manyoya, vimejazana pamoja. Ukiviona, shuka na ungoje wiki sita, kisha urudie ukaguzi. Visiwani, ambako hofu ya Popobawa, pepo anayesimuliwa kuvamia watu usiku, ilitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, unaweza kumkosa fundi wa kupanda nawe darini saa hizo. Basi mwache ashike ngazi tu.

Tafuta milango yao

Popo hawatafuni mbao wala hawachimbi. Hutumia mianya iliyoachwa na fundi, na katika nyumba ya bati mianya hiyo hupatikana mahali palepale: mawimbi ya bati yanapokutana na ubao wa upenu, chini ya kofia ya bati kwenye mgongo wa paa, pembeni mwa tundu za hewa zilizochanika wavu, na waya wa umeme unapoingilia ukutani. Zunguka nyumba mchana ukitafuta doa la mafuta na kinyesi ukutani, na kila mwanya unaoushuku uuwekee alama ya chaki.

Jioni ya siku hiyo wekeni watu wawili au zaidi, kila mmoja upande wake, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 na nusu usiku. Popo wa mkia huru hawaruki moja kwa moja kutoka mwanyani. Hujiachia wakadondoka kidogo, ndipo wakakunjua mabawa, kwa hiyo macho yaelekee chini ya upenu na si juu angani. Kila mtu ahesabu wanaotoka na aandike wametokea wapi. Rudieni jioni ya pili, maana jioni ya mvua au upepo hudanganya. Baada ya hapo mtakuwa na orodha ya matundu makuu, pengine mawili au matatu, na orodha ndefu zaidi ya mianya ambayo hakuna popo aliyetokea.

Mianya hiyo isiyotumika ndiyo inayozibwa kwanza, na inaweza kuzibwa mchana bila madhara mradi matundu makuu yabaki wazi. Ukiiacha, popo watakaokuta mlango wao wa zamani umefungwa wataihamia usiku uleule. Kwa kuzibia, mafundi wengi hukimbilia saruji, nami siipendekezi chini ya bati. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, saruji haitanuki nalo, na baada ya miezi michache huachana na kufungua ufa ulio sawa kabisa na ule wa mwanzo. Sindilia stili waya ya kusugulia masufuria au kipande cha wavu wa waya ndani ya wimbi la bati, kisha funika kwa silikoni ya nje ambayo hubaki laini. Stili waya si kwa ajili ya popo, ambaye hana meno ya kutafuna kizibo, bali kwa ajili ya panya atakayekuja baada yake. Kwenye tundu za hewa usizibe. Weka wavu wa waya wenye matundu ya robo inchi, kwa sababu paa lisilopumua hugeuza vyumba kuwa tanuri.

Mlango wa kutokea tu

Kwenye matundu makuu sasa weka kifaa kinachomruhusu popo kutoka na kumnyima kurudi. Viko vya namna mbili, na uchaguzi hutegemea umbo la mwanya.

Ikiwa mwanya ni tundu moja, tumia bomba la plastiki la inchi mbili lenye urefu wa sentimita 25 hivi. Lazima liwe laini ndani, kwa kuwa siri yake yote ni kwamba popo anaweza kuteleza kushuka lakini kucha zake hazipati pa kushika akitaka kupanda. Ingiza ncha moja mwanyani kiasi cha nusu sentimita tu. Ukiizidisha, popo wa ndani watapita pembeni bila kuikuta. Ncha ya nje ielekee chini, na kwenye ncha hiyo funga mfuko mwepesi wa plastiki uliokatwa kitako, urefu wa kama sentimita 15, ambao hujikunja wenyewe popo akishapita. Nafasi inayobaki kuzunguka bomba ijazwe kitambaa au sponji.

Ikiwa popo wanatokea kwenye mawimbi mengi ya bati mfululizo, bomba halitafaa. Hapo tundika wavu wa plastiki wa kuzuia mbu dirishani. Upigilie juu ya mwanya na pembeni zote mbili, uache chini wazi, na ushuke angalau sentimita 60 chini ya mwanya wa mwisho. Usiukaze kama ngoma: acha nafasi ya sentimita tatu au nne kati ya wavu na ukuta ili popo aweze kutambaa kushuka. Akirudi alfajiri atakwenda moja kwa moja palipo harufu yake, yaani juu, na atakuta wavu. Hana mazoea ya kutafuta uwazi ulio chini kabisa. Usitumie wavu wa samaki wala chandarua kilichochakaa, kwani popo hunasa mabawa humo na utaamka kukuta wamekufa wakining'inia.

Jioni ya kwanza simama uangalie. Wakitoka kwa kusitasita lakini wakatoka, kifaa kinafanya kazi. Wakijazana mlangoni bila kutoka, shusha kifaa mara moja, rekebisha pembe ya bomba au ulegevu wa wavu, na ujaribu tena kesho yake. Acha kifaa mahali pake kwa usiku saba mfululizo usio na mvua kubwa, kwa kuwa si kila popo hutoka kila usiku. Popo watakuwa wakizungukazunguka paa alfajiri kwa siku za mwanzo, na majirani wanaweza kulalamika. Waeleze mapema, na ikiwezekana uwaombe wakague penu zao pia, maana kundi linalotoka kwako litatafuta paa la karibu.

Ukipenda kuwapa pa kwenda, tundika sanduku la mbao siku chache kabla ya kuweka vifaa: mbao zisizorandwa, urefu wa sentimita 60, uwazi wa ndani wa sentimita 2 hadi 2.5, chini wazi, juu ya mlingoti au ukuta wenye jua, mita 4 au 5 kutoka ardhini. Popo huweza kulikataa kwa muda mrefu. Lakini mkulima mwenye mahindi au mboga karibu ana sababu ya kujaribu, kwa kuwa popo wa aina hii hula nondo na mbawakawa kwa wingi kila usiku.

Naftalini, moshi wa pilipili, na vile vyombo vya sauti vinavyouzwa mitandaoni havina nafasi katika kazi hii. Mvuke wa naftalini unaotosha kumsumbua popo unamdhuru pia mtoto aliyelala chini yake, moshi darini unakaribisha moto, na sauti za mashine hazijathibitika kuwahamisha. Kuhusu paa la makuti, kuliziba lote haiwezekani. Lililo bora ni kutandika wavu wa plastiki chini ya makuti, kutoka boriti hadi boriti, kazi inayofanyika kwa urahisi zaidi makuti yanapobadilishwa.

Kufunga na kusafisha

Baada ya usiku wa saba, kagua dari tena jioni, popo wanapokuwa wametoka au wangekuwa wametoka. Ukimkuta hata mmoja, ongeza siku tatu. Dari ikiwa tupu, ondoa vifaa na uzibe matundu makuu siku hiyo hiyo kwa njia ileile ya stili waya na silikoni, au kwa ubao pale mwanya ulipo mpana.

Kinyesi kisifagiliwe kikavu. Kinyunyizie maji yenye sabuni kwa bomba la kunyunyizia dawa za bustani hadi kilowe bila kuchuruzika kwenye ubao wa dari, kikusanye kwa koleo ndogo, kitie kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kizikwe mbali na kisima. Mbao zilizobaki na harufu zifutwe kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya klorini ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, dari ikiwa na upenyo wa hewa. Baadhi ya watu hukiweka kinyesi hicho bustanini kama mbolea. Ni mbolea nzuri kweli, lakini kiozeshwe kwanza kwenye shimo lililofunikwa. Ubao wa dari uliolowa mkojo ukapinda haufai kupakwa rangi tu, bali ubadilishwe. Nyumba inayovuna maji ya mvua isafishiwe michirizi, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite nje ya tangi.

Kwa kuwa harufu hubakia kwenye mbao kwa muda mrefu na popo hukumbuka makao yao, kagua penu kila mvua zinapokaribia, hasa baada ya fundi wa dishi au wa umeme kupanda juu ya paa na kuacha tundu.

Popo akiingia chumbani

Wakati wa kazi hii huenda popo mmoja akapotea na kushukia chumbani. Funga mlango wa kwenda vyumba vingine, fungua madirisha, zima taa ya ndani na mwache. Wengi hutoka ndani ya nusu saa. Akitua ukutani, vaa glavu nene, mfunike kwa kopo, pitisha kadibodi ngumu kati ya kopo na ukuta, kisha umpeleke nje na kumwachia juu ya ukuta au shina la mti, kwani popo wa mkia huru hushindwa kuruka kutoka ardhini. Ila popo akikutwa asubuhi katika chumba alimolala mtoto mdogo, mlevi, au mgonjwa asiyeweza kueleza kama aliguswa, usimwachie. Mfungie ndani ya kopo lenye matundu madogo, mpeleke aliyelala hospitali na umweleze daktari, na umjulishe afisa mifugo kwamba yuko popo wa kupimwa.